Watoto waandike njia, sio jibu tupu

Mhariri, salaam kutoka Ngamiani hapa Tanga. Naomba nafasi niseme na wazazi na walimu wa tuisheni kuhusu hizi hesabu za kutafuta thamani ya x, maana watoto wetu wanazikimbia na sio ngumu kihivyo.

Jioni watoto wa mtaani huwa wananiletea madaftari yao. Kinachoniumiza ni daftari limejaa majibu tu, swali juu jibu chini, katikati hakuna kitu, ukimuuliza umefikaje hapo anasema tuisheni tumeambiwa tufupishe, ticha anataka spidi. Sasa mtoto wa darasa la saba anafupisha nini na njia ndefu yenyewe bado hajaijua?

Chukueni hii: 10 − 2(x − 3) = 4. Wengi wanaanza 10 toa 2 ni 8, wanaandika 8(x − 3) = 4 na kuendelea zao mpaka wanapata 3.5. Na MAGAZIJUTO wanaijua, waambie waitaje wataitaja bila kukwama, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ila mkononi haijafika. Ile 2 imeshikana na mabano, inazidisha kwanza kabla 10 haijaguswa. Wengine wanafungua mabano wanaandika 10 − 2x − 6 = 4, hasi mara hasi ni chanya wameisahau, hao wanapata 0. Makosa mawili tofauti kabisa, lakini kama mtoto kaandika jibu tupu mwalimu atajuaje kaangukia wapi? Atapiga mkasi tu basi.

Ukiipanga inakuja hivi, kila hatua mstari wake:

10 − 2x + 6 = 4
16 − 2x = 4
−2x = −12
x = 6

Mstari wa pili kwenda wa tatu ndio pa kukaa sana. Watoto wanaambiwa "hamisha, ikivuka inabadilika alama", wanakariri hivyohivyo. Jamani hakuna kilichovuka! Umetoa 16 upande huu na umetoa 16 upande ule, kama mizani ya sokoni, ukipunguza huku bila kupunguza kule inalala. Asiyeelewa hilo akifika −2x = −12 anataka kuivusha na hiyo −2 ibadilike alama, anajumlisha 2 anapata −10, wakati pale ni kugawanya kwa −2 pande zote.

Halafu kuna kuhakiki, ambako karibu kila mtoto anakuruka. Rudisha 6 kwenye swali: 6 toa 3 ni 3, mara 2 ni 6, 10 toa 6 ni 4, imekubali. Yule wa 0 akirudisha anapata 16, yule wa 3.5 anapata 9, wataona wenyewe kabla mwalimu hajaona na hawahitaji simu wala kikokotoo.

Wazazi mnaosema mradi jibu, mjue mtihani wa hisabati wa kidato cha nne unamtaka mtahiniwa aonyeshe kazi yake, na tabia hiyo haianzii fom foo, inaanzia huku msingi. Akiingia fom wani masomo yanageuka Kiingereza lakini mistari ni ileile, aliyezoea kupanga ataifuata hesabu hata kama maneno bado yanamsumbua.

Mhariri, ombi langu kwako, mkichapa maswali ya mazoezi ya hisabati majibu yasitoke matupu, wekeni na njia, hata kama nafasi itatosha maswali matatu tu. Na nyie walimu wa tuisheni, najua mna watoto wengi chumba kimoja na muda ni mdogo, ila wapeni hesabu nne jioni moja mzikague mstari kwa mstari, kuliko arobaini za kupiga tiki na mkasi.

Mzazi na msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga