Risala ya Wahitimu wa Fani ya Manukato kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima, sisi wahitimu wa fani ya manukato tunakukaribisha katika mahafali yetu. Furaha yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa wewe, kabla ya kuwa mtunga manukato, ulisomea kilimo cha bustani. Wengi huziona hizo kuwa njia mbili. Sisi tunaona ya manukato haifiki mbali bila ya bustani.

Mheshimiwa, mafuta yanapofika maabara, sehemu kubwa ya harufu yake imekwisha kuamuliwa shambani. Waridi la Damasko huchumwa alfajiri, kwani jua likipanda mafuta yake hupotea hewani, na kilo 1 ya mafuta hayo hula tani 3 hadi 5 za maua. Asumini nalo lina tabia yake: hata likishachumwa huendelea kutoa harufu. Ndiyo maana mafundi wa Grasse, Ufaransa, walikuwa wakilitandaza juu ya vioo vilivyopakwa shahamu, wakibadilisha maua kila siku mpaka shahamu ishibe harufu. Njia hiyo isingebuniwa na mtu asiyelijua ua lenyewe.

Lakini uliotufunza zaidi ni mdanzi, mti wa jamii ya mchungwa. Maua yake yakikamuliwa kwa mvuke hutoa mafuta yaitwayo neroli. Majani na vijiti vyake hutoa mafuta ya petitigreni, makali na yenye ubichi. Ganda la danzi likiminywa hutoa mafuta mengine kabisa. Siku moja mwalimu alituwekea karatasi tatu za kunusia bila kutaja majina. Wenzetu waliowahi kupogoa miti hiyo waliitambua ya majani papo hapo. Ndiyo harufu inayobaki kwenye mkasi.

Bustani hufundisha pia kusubiri. Tunguu la airisi, mmea wa maua, hukaa ardhini miaka 3 hivi, likachimbwa, likamenywa, kisha likawekwa ghalani miaka mingine, kwa sababu harufu yake inayothaminiwa hujengeka taratibu wakati huo. Mwenye haraka atapata unga tu.

Hatudai kwamba bustani inatosha. Lipo ua dogo jeupe, Wafaransa huliita muguet, ambalo halitoi mafuta ya kufaa manukato. Harufu yake hutungwa maabara kwa kuchanganya molekuli. Hata hapo, lazima mtungaji awe amelinusa likiwa hai kwenye shina, la sivyo ataiga manukato ya wenzake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu zinatokana na hayo hayo. Chupa tunazoletewa zina jina la mmea, lakini hazisemi ulichumwa msimu gani wala, mara nyingine, ni sehemu gani iliyokamuliwa. Tunaomba utusaidie kupata mtambo mdogo wa kukamulia mafuta kwa mvuke, ili wadogo zetu wakamue wanachokipanda wenyewe. Tunaomba pia utuombee kwa uongozi wa chuo, kwa kuwa wewe utasikilizwa: ratiba ya sasa inawafikisha wanafunzi bustanini saa nne asubuhi, waridi likiwa limeshamaliza kazi yake. Waanze alfajiri. Wakilalamika, waambiwe ni sisi tuliopendekeza. Wakati huo tutakuwa tumeshaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.