Albamu ya maumivu kusikika ghafi si uvivu wa fundi

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi tujibu makala ya burudani iliyosema kwamba albamu za roki ya indi (roki ya wasanii wasiotegemea kampuni kubwa) zinazoimba kuachwa, zile za mtu mmoja, gitaa na sauti inayokatika, ni chakula kilichoepuliwa kabla hakijaiva. Sisi ni mafundi wa kurekodi muziki hapa Tanga. Kwa sikio la fundi, kazi za namna hiyo ni ngumu kuliko nyingi, maana hakuna biti nzito ya kufunika kosa. Vijana wa hapa wanaotaka kurekodi albamu kama hizo wanapotoshwa pande mbili: wengine wanaambiwa wasafishe sauti mpaka huzuni itoke, wengine wanaambiwa ughafi ni kurekodi ovyo.

Uchukue mfano unaojulikana. Mwishoni mwa mwaka 2006 Mmarekani Justin Vernon, bendi imevunjika, mapenzi yamekwisha na mwili umetoka kuugua, aliondoka Raleigh, North Carolina, akaenda kukaa peke yake kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin wakati wa baridi. Humo alirekodi sehemu kubwa ya For Emma, Forever Ago, albamu aliyoitoa mwenyewe mwaka 2007 kwa jina la Bon Iver, kisha kampuni ya Jagjaguwar ikaitoa tena mwaka 2008. Nyimbo 9, dakika 37 hivi. Maikrofoni yake ilikuwa Shure SM57, iliyoko sokoni tangu 1965, ambayo mafundi wengi huiweka mbele ya ngoma au spika ya gitaa kuliko mbele ya mwimbaji. Wengi huishia hapo, wakadhani siri ni uchache wa vifaa. Sikiliza tena. Ile unayoidhani sauti ya mtu mmoja anayelia ni sauti nyingi za mtu huyohuyo, zimeimbwa moja moja kwa sauti nyembamba ya kichwani, kisha zikapangwa juu ya nyingine. Tarumbeta na tromboni zilipigwa na watu wengine. Yale ni mapangilio yaliyofikiriwa, si kilio kilichonaswa kwa bahati.

Sasa tuje kwenye chumba, maana ndipo kazi nyingi za hapa zinapoharibikia. Nyumba nyingi za mtaa wetu wa Ngamiani zina kuta za saruji zilizopigwa lipu laini, sakafu ngumu, bati juu. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, ujue sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana, na mtetemo huo utaingia kwenye kila neno la wimbo. Kwenye biti yenye kelele hauonekani. Kwenye wimbo wa gitaa na sauti tupu, unasikika kama mtu anaimbia ndani ya pipa. Watu hubandika trei za mayai. Trei hazisaidii: zinanywa kidogo tu sauti za juu kabisa, za kati na za chini zinapita kama hakuna kitu, na zinashika moto upesi. Kinachonywa sauti ni unene na uzito. Godoro la inchi 6 lililosimamishwa, mablanketi mawili mazito yaliyotundikwa sentimita 10 mbali na ukuta, zulia chini.

Godoro hilo liwekwe nyuma ya mwimbaji, siyo nyuma ya maikrofoni. SM57 na nyingine za aina yake husikia mbele na kupuuza nyuma, na mbele yake yupo mwimbaji pamoja na ukuta ulioko mgongoni kwake. Ukiziba nyuma ya maikrofoni umeziba mahali ambapo yenyewe haisikilizi. Wala usizibe chumba chote. Ukuta mmoja uachwe mtupu, ili msikilizaji asikie kuwa mtu yumo chumbani. Mwangwi mdogo wa chumba halisi una upweke ambao mwangwi wa programu hauna.

Saa nzuri hapa mjini ni kuanzia saa 7 usiku, bodaboda zikishapungua, mpaka kabla ya adhana ya alfajiri, maana baada ya hapo kunguru hawampi mtu nafasi. Pangaboi lizimwe, friji ichomolewe. Kompyuta itumie betri wakati wa kurekodi: mvumo wa umeme, ule wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, mara nyingi huingilia kwenye chaja. Wakati wa masika usipange kurekodi chini ya bati bila siku za akiba.

Maikrofoni za bei kubwa zinazohitaji umeme wake wenyewe ni nzuri, lakini unyevu wa bahari ukiziingia huanza kukwaruza. SM57 haina shida hiyo, kwa hiyo kwa Tanga ni chaguo la maana hata kwa mwenye hela. Ubaya wake ni kwamba haina nguvu. Mtu akiimba kwa kunong'ona, inabidi ukipandishe kikuza sauti karibu na mwisho, na vile vya bei nafuu vikifika huko vinatoa mvumo kama wa upepo. Dawa ni kusogea. Sentimita 10 kutoka mdomoni zinatosha, na ukaribu huo unaongeza sauti za chini, unaleta ile hali ya mtu kukusemea sikioni. Mwimbaji asicheze na umbali huo, kwa sababu kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na uzito wa sauti nao unaondoka.

Halafu herufi P. Nyimbo za kuachwa za Kiswahili zimejaa P: penzi, pete, pole, peke yangu. Kila P inarusha pumzi kwenye maikrofoni na kutoa kishindo. Chukua waya wa kutundikia nguo, upinde duara, uuvishe soksi ya nailoni, uuweke katikati ya mdomo na maikrofoni. Vilevile igeuze maikrofoni kidogo, kama digrii 30, ili pumzi ipite pembeni. Kishindo kilichokwisha kurekodiwa unaweza kukipunguza kwa kukata sauti zilizo chini ya hezi 80, lakini hakiondoki chote.

Kwenye kompyuta rekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si mdundo), na kilele cha sauti kisizidi desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo. Wimbo wa namna hii huanza na mnong'ono ukaishia kwenye ukelele, na tofauti kati ya viwili hivyo huvuka desibeli 20. Fundi akipima mnong'ono peke yake, ukelele utapasuka, na mpasuko wa kompyuta hauna uzuri wowote. Mwambie akuimbie kwanza pale mahali panapomuuma kuliko pote, kwa nguvu zake zote, ndipo upange kipimo.

Kwa galatoni, yaani gitaa lisilotumia umeme, maikrofoni ikae sentimita 20 mbele ya kigawio cha 12 (vigawio ni zile pau nyembamba za chuma shingoni), ikielekea pale shingo inapokutana na mwili. Ukielekeza kwenye tundu utapata mvumo wa chini unaomeza sauti ya mwimbaji. Nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla, zivutwevutwe kwa mkono, maana nyuzi zilizofungwa asubuhi hulegea jioni, na za zamani chumvi ya bahari imekwisha zila. Gitaa la wimbo mmoja lirekodiwe siku moja. Ubao hunywa unyevu, hutuna, na kesho yake hata ukilitegesha sawasawa rangi ya mlio si ileile.

Kuhusu kuimba mara nyingi: aimbe kweli, mara tatu, na hiyo ya pili na ya tatu afuate pumzi zake za kwanza. Kunakili faili moja na kuliweka juu ya jingine kunaongeza ukubwa wa sauti tu, hakuongezi unene. Wengine huisogeza nakala kidogo mbele, milisekunde 10 au 20. Ikichezwa kwenye spika moja ya simu au ya baa, sauti inakuwa na tundu katikati. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo miisho inashikana bila shida. Shida iko mwanzo wa neno. K tatu zisizoanguka pamoja zinasikika kama mtu anayegonga mlango. Kati ya hizo tatu, ile inayowekwa katikati ya spika mbili peke yake ndiyo itamke K, T na P kwa ukamilifu. Zile mbili za pembeni, kushoto na kulia, zilainishe.

Hapa kuna jambo ambalo haliigiki moja kwa moja kutoka Marekani. Katika albamu ile Vernon alikuwa akiimba kwanza sauti zisizo na maneno, kisha akatafuta maneno yanayofanana na zile sauti. Kiswahili kwa kawaida kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, na kiimbo kilichotungwa bila maneno hakilijui hilo. Mtu akitunga mstari wa mizani 8, "Umeaga barabara", akimaanisha mwenzake ameaga sawasawa, neno hilo ni moja ya machache hayo, na mkazo uwe kwenye "ra" ya kwanza. Kiimbo kikiivuta "ba" ya pili, mpenzi ameiaga njia ya magari. Mstari uliokusudiwa kuchoma unachekesha. Soma maneno kwa sauti bila kuimba, weka alama kwenye kila mkazo, kisha sogeza noti ndefu zikae hapo.

Mashine ya kunyoosha sauti (autotune) ndiyo inayoua albamu hizi. Ikiwekwa kwenye kasi ya mwisho, inafuta ule mteremko wa mtu kuingia kwenye noti kutoka chini, na uzito wa huzuni unakaa humohumo kwenye mteremko. Kama noti moja imekwenda kombo kabisa, inyooshe hiyo moja kwa mkono. Mwisho wa mstari ulioanguka kwa kuishiwa pumzi, uache. Pumzi ya kabla ya mstari, iache. Kiti kilicholia, kama hakikufunika neno, kiache. Ila gitaa lisilo sawa lirudiwe, neno lisilosikika lirudiwe, na mpasuko urudiwe. Ukweli wa maumivu hauwi sababu ya kumpa msikilizaji nyuzi zilizolegea.

Vilevile kwa mapigo. Kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo kwenye hedifoni, tuseme ya mapigo 68 kwa dakika, inamsaidia anayejifunza, lakini mtu anayeimba kuachwa husukuma kidogo kwenye kiitikio na kuchelewa kwenye ubeti. Rekodi gitaa na sauti bila kliki, kisha pima mapigo yake kipande kwa kipande kwenye kompyuta. Ngoma zije mwisho, na mpiga ngoma asikie sauti ya mwimbaji kwenye hedifoni kubwa kuliko kitu kingine chochote.

Na machozi? Mtu akilia koo hukaza, kamasi hujaa, noti hushuka. Kwa kawaida sauti iliyorekodiwa katikati ya kilio haitumiki, na si utu kumlazimisha mtu ajichome tena na tena kwa ajili ya rekodi. Usizime mashine, mpe maji ya uvuguvugu, kaa kimya, ngoja nusu saa. Ile ya baada ya kilio, koo likishatulia na moyo bado uko wazi, mara nyingi ndiyo inayobaki kwenye albamu. Usivuke mara tano kwa wimbo mmoja kwa siku.

Kwenye kumiksi, kompresa (chombo cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya 2 kwa 1 au 3 kwa 1, ipunguze desibeli 3 au 4, isizidi. Wanaobana mpaka mnong'ono ulingane na ukelele wanadhani watasikika zaidi mtandaoni. Hawapati kitu: Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo zote karibu na LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Wimbo uliobanwa unashushwa, ukabaki umebanwa na mdogo.

Hakuna haja ya mtu wa Tanga kuona gitaa na kuachwa kuwa mambo ya wageni. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya hapa mjini, ambamo Shakila aliimba, waliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab ya kundi dogo. Zile sauti zilisimama mbele, karibu na msikilizaji. Tena taarab inafundisha kitu ambacho roki ya indi haina budi kukijua ikiimbwa kwa Kiswahili: fumbo linaweza kuwa wazi kuliko jina. Anayeimba jina la aliyemwacha anawapa majirani habari. Anayeimba kikombe cha pili kilichobaki kabatini anampa kila msikilizaji cha kwake, na hamvunjii mtu heshima mtaani.

Ombi letu kwa waandishi wenu wa burudani ni dogo. Albamu kama hizi msizihukumu kwa spika ya simu. Waya mzito wa gitaa hulia kwenye hezi 82, na spika ya simu haifiki huko. Uzito wa sauti iliyoimbwa karibu nao unapotea. Vaeni hedifoni, zimeni feni, sikilizeni wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa mpangilio wake, kisha andikeni mlichosikia.

Wenu,
Mafundi wa kurekodi muziki,
Ngamiani, Tanga