Kaka, barua hii nimeimaliza

Kaka yangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema umeacha kutunga mashairi, kwa kuwa kwetu mwandishi husomwa siku ya matanga yake. Nakujibu hapa hadharani maana najua si wewe peke yako unayewaza hivyo, na siwezi kukwambia umekosea kabisa.

Nakumbuka 2020. Tarehe 9 Januari aliondoka Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, mwana wa Ukerewe, na ghafla kila mtu akawa na neno la kusema juu ya riwaya yake Rosa Mistika. Mimi niliirudia Kichomi, diwani yake ya mashairi huru ya 1974 iliyowakera sana washika vina na mizani. Leo mwanafunzi anaandika shairi huru bila kuomba radhi, wala hajui ni nani aliyelaumiwa kwanza ili yeye awe na ruhusa hiyo.

Kisha Aprili. Ken Walibora, mwandishi wa Kenya, aligongwa na matatu Nairobi tarehe 10, na siku kadhaa zikapita watu wake wakimtafuta kabla ya kujua yuko chumba cha maiti. Ulikuwa wakati wa korona, hatukuweza hata kukaa pamoja tukalia. Nilienda kabatini nikaitoa ile nakala yetu ya riwaya yake Siku Njema, ile iliyong'oka jalada kwa kupokezana. Unakumbuka ulivyokuwa ukijiita Kongowea Mswahili, mhusika wake mkuu, ukitoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba, na safari yote ikiishia nyuma ya jiko la bibi? Mwaka mmoja kabla ya ajali nilikuwa nimeanza kumwandikia Walibora barua ya shukrani. Aya mbili. Nikasema nitaimalizia likizo. Aya hizo bado zimo daftarini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko msiba wenyewe.

Furaha nayo ilikuja na doa lake. Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi, tarehe 7 Oktoba 2021, simu yangu haikutulia. Wengine walibishana kama ni wetu au ni wa Uingereza, mtu aliyezaliwa Unguja akaondoka kijana baada ya Mapinduzi. Mama hakuingia kwenye ubishi huo. Aliniuliza tu, "Kiko wapi cha Kiswahili nami nisome?" Sikuwa na cha kumpa. Mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, riwaya yake Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Hebu fikiri: riwaya ya 1994, kisa cha mtoto Yusuf aliyetolewa kulipia deni la babake, imechukua miaka 28 kufika kwa watu wanaosema lugha ya Yusuf! Mama aliisoma polepole, miwani puani, akinisimamisha jikoni kunisomea sentensi.

Na mwaka 2025, tarehe 28 Mei, Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, akatutoka huko Marekani, ana miaka 87. Huyu aliandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti. Kabla yake mshairi Abdilatif Abdalla alikwisha kuandika kwenye karatasi za namna hiyo mashairi ya diwani yake Sauti ya Dhiki, naye akiwa mfungwa. Sikutajii hawa ili uone aibu. Nakutajia kwa sababu hakuna aliyewaahidi msomaji hata mmoja.

Wewe unaye. Lile shairi lako la wachukuzi wa bandarini, ulilonitumia Ramadhani, nililisoma jana kwa sauti baada ya chakula. Ubeti wa nne una mizani iliyozidi, nami nakwambia ukweli. Lakini nilipofika kwenye mstari wa yule mzee anayehesabu magunia kwa majina ya wanawe, Mama aliweka kikombe chini akaniambia nirudie. Nikarudia. Ameuliza kama lipo jingine.