Mwajuma, lile swali lako la kipeuo

Mwajuma mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Mbeya. Baridi imeanza, mama mafua hayamtoki, ila tunashukuru Mungu. Baba Eliya karudi safari salama. Nimekaa kimya mno, najua. Ni usahihishaji wa mitihani, tena mwaka huu wametupangia madarasa yote mawili. Kidawa kaniambia mmehamia nyumba mpya. Hongereni sana.

Kilichonikalisha chini leo ni ule ujumbe wako wa sauti. Ulisema haya ya kuchangia programu huria za hisabati, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma ndani na kuzirekebisha, umewaachia watoto wa kompyuta, wewe una chaki yako inakutosha. Nimeusikiliza tena jana usiku, nikaona siwezi kuunyamazia. Maana kwenye ujumbe huohuo, kabla hujafika huko, uliuliza swali ambalo mchangiaji mzuri ndiyo huanzia.

Uliuliza kwa nini SymPy, ile programu huria ya kukokotoa aljebra kwa herufi, ukiipa kipeuo cha pili cha x², inakurudishia sqrt(x**2) vilevile badala ya x. Ukadhani imeharibika. Haijaharibika, ndugu yangu, haijui x ni namba gani. Kama x ni -3, kipeo chake cha pili ni 9, na kipeuo cha 9 ni 3, siyo -3. Uiambie x ni namba halisi, yaani Symbol('x', real=True), itajibu Abs(x), yaani x bila alama yake ya hasi. Uiambie ni chanya, positive=True, ndipo itakupa x. Usipoiambia kitu, inachukulia kwamba x inaweza kuwa hata namba changamano, na inakataa kubahatisha. Sasa niambie, hili si lile kosa la Kidato cha Pili unalolipigia kelele kila mwaka? Maelezo mengi ya programu hizi yameandikwa na watu wanaojua sana, na anayejua sana husahau anayeanza hukwama wapi. Wewe hujasahau, kila siku uko nao darasani.

Kwa hiyo usianze kwa kufikiria kutunga mbinu mpya za ukokotoaji. Anza na mfano mmoja. Kwenye SymPy maelezo ya kila kitu yamo humohumo ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na mifano yake huanza na alama >>>, jibu likiwa chini yake. Mifano hiyo si pambo. Ukitoa amri ya bin/doctest kompyuta inaiendesha yote, na jibu lisipolingana na lililoandikwa, jaribio linaanguka. Maana yake mfano wako ukishaingia, unalinda. Mtu akija kubadilisha msimbo mwaka kesho akaivuruga sqrt, mfano wako utamkamata. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Mengine ni taratibu tu: unafungua akaunti ya GitHub, tovuti wanakotunzia msimbo, unajitengenezea nakala ya SymPy, unaishusha (nenda kwenye Wi-Fi ya shule, usiunguze bando), unafungua tawi jipya la kufanyia mabadiliko yako pembeni, unahariri, unaendesha majaribio, unatuma ombi la kuunganisha mabadiliko yako na SymPy yenyewe. Angalia kwanza kama hakuna mwingine aliyekwisha kutuma ombi la jambo hilohilo. Mara ya kwanza watakutaka uweke jina lako na barua pepe kwenye faili la .mailmap. Na usiogope alama nyekundu. Ukaguzi wao unakataa hata nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa mstari. Ifungue usome, itakuonyesha penye shida.

Kinachochosha ni kungoja. Wahakiki wengi wanajitolea, wana kazi zao. Ombi langu lilikaa kimya hadi nikaanza kulisahau, halafu akatokea mtu nisiyemjua, akataka nifupishe sentensi na nieleze kwa nini nimechagua mfano ule. Nilijisikia niko kwenye semina za Mzee Ngonyani, isipokuwa hapa hakuna anayetetemeka! Limeunganishwa wiki iliyopita, Mwajuma. Ndiyo habari yangu kubwa.

Frank anasisitiza tungeanza na SageMath, programu nyingine huria ya hisabati. Simpingi, William Stein aliianzisha 2005 ili pawe na mbadala huria wa programu za kulipia kama Magma, Maple, Mathematica na Matlab, na imebeba programu nyingine huria, PARI, GAP na Maxima, ndani yake. Lakini kuijenga kutoka kwenye msimbo kunakula saa na nafasi ya diski, na laptopu yako naijua. SymPy inataka lugha ya kompyuta ya Python na maktaba yake moja ya hesabu, mpmath, basi.

Kuna hoja ya mwanahisabati Joachim Neubüser, aliyeanzisha hiyo GAP kule Aachen, Ujerumani, 1986, hainitoki kichwani: kanuni ukishaisoma maktabani pamoja na uthibitisho wake, unaitumia bure maisha yako yote, iweje programu inayoitumia kanuni hiyo uilipie leseni kila mara, na ndani usione? Nimewahi kufundisha mahali leseni ikaisha katikati ya muhula, wanafunzi wakabaki na kazi zisizofunguka. Sitaki wako wapitie hayo.

Haya, nijibu. Laptopu yako ina Python toleo gani? Jumamosi unaweza kupata saa mbili tukae kwenye simu? Yule binti wako wa Kidato cha Sita, mkali wa matriki, bado yupo au kamaliza? Tuanze na kipeuo, au na lile jingine la 1/2, kwamba Python inaigeuza 0.5 kabla SymPy haijaiona? Mimi nataka kipeuo. Niandikie kwenye karatasi jinsi unavyowaeleza wanafunzi wako, kwa Kiswahili chako hichohicho, upige picha unitumie. Kiingereza chake tutakipanga pamoja. Na mguu wa Baba Salimu umepona?

Wako,
Upendo