Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: yanayosemwa Mkunazini

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mtembeza wageni wa Mji Mkongwe, nina kitambulisho, na barua hii haihusu mapapasi, wale wanaotembeza wageni bila kitambulisho. Habari zao umeshazisikia mpaka zimekuchosha. Inatuhusu sisi wenye vitambulisho, na maneno yanayotutoka tukishaingiza kundi la watu kanisani au tukisimama nalo nje ya msikiti.

Pita Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana na lililokuwa soko la watumwa, siku ambayo meli ya watalii imetia nanga. Makundi yanapishana kwenye ngazi za vile vyumba viwili vya chini, vyenye dari ya kuinamisha kichwa na minyororo iliyolazwa juu ya mabaraza. Mtembeza anashusha sauti. Anataja idadi ya watumwa waliofungiwa humo wakisubiri mnada, anataja siku walizokaa bila chakula. Kundi linalofuata linatajiwa idadi nyingine. Wageni wanatoka wakipangusa machozi.

Sasa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari wa Kianglikana liwe hospitali, na walilijenga baada ya soko kufungwa mwezi Juni 1873. Wanahistoria wetu wenyewe wameshalieleza jambo hili. Mtu aliyeuzwa pale sokoni hakuweza kufungiwa kwenye nyumba ambayo haijajengwa.

Sipunguzi hata chembe ya uovu uliotendeka. Soko lilikuwepo, na kanisa limesimama juu yake. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, linaloonesha mahali ambapo kwa mapokeo palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Mgeni akisimama hapo hahitaji kuongezewa chumvi. Ila duara halipendezi kwenye picha kama minyororo, basi tunalipita haraka.

Na tukiingia ndani ya kanisa, tunaacha mengi. Sehemu ya ardhi ile ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Saa ya mnarani inasimuliwa kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usilipite jumba lake, Beit al-Ajaib, kwa urefu. Mhindu ametoa ardhi, Sultani Muislamu ametoa saa, Wakristo wamejenga: ni mji gani mwingine utakaompa mgeni kisa kama hicho katika jengo moja? Angalia na paa. Ni kuba moja refu la zege iliyochanganywa na mawe ya matumbawe, na wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877 kabla kazi haijakamilika, na paa liko mpaka leo.

Aliyesimamia ujenzi, Askofu Edward Steere, alifariki 1882, amezikwa nyuma ya altare. Huyu ndiye aliyekaa Unguja akitafsiri Maandiko, akikusanya ngano za watu wa hapa na kuandika sarufi ya Kiswahili chetu. Wageni kutoka Dar es Salaam na Nairobi wanapita kaburini kwake bila kuambiwa neno. Msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa mmisionari Livingstone, huo tunausimulia vizuri sana. Waingereza wanaupenda.

Kosa jingine ni kusema kwamba 1873 utumwa ulikwisha. Kilichofungwa ni soko na biashara ya baharini. Watu waliendelea kulima mikarafuu wakiwa watumwa hadi amri ya 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Hilo linaeleza mengi kuhusu visiwa hivi, lakini halimo katika maneno yetu.

Misikiti nayo tunaionea. Asiye Muislamu kwa kawaida haingii, na hilo ni sawa, basi sisi tunanyoosha kidole tu na kusonga mbele. Mgeni anauliza mbona misikiti mingi haina minara. Anajibiwa kuwa ni ya zamani. Masultani walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, na misikiti ya Kiibadhi hujengwa bila mapambo wala mnara. Ndiyo maana ule mnara wa umbo la pia wa msikiti wa Malindi, ambao ni wa Kisunni, unashangaza. Kisa hiki unakieleza ukiwa barabarani, viatu miguuni.

Na pale Minara Miwili, kanisa kuu la Katoliki, Mheshimiwa, watu wakiwa wamepiga magoti kwenye Misa, kundi linaingizwa na mtembeza anaeleza kuhusu michoro ya ukutani. Kwa nini kanisa linaruhusiwa kufanywa hivyo, wakati sote tunajua hakuna atakayethubutu kufanya vile msikitini saa ya swala?

Naomba mambo mawili. Kwanza, mtihani maalumu kwa kila anayepeleka makundi kwenye nyumba za ibada, utungwe na wenye nyumba hizo: dayosisi ya Kianglikana, jimbo Katoliki, Ofisi ya Mufti na kamati za mahekalu ya Kihindu, pamoja na wataalamu wa Mambo ya Kale. Saa za ibada ziandikwe humo kama saa za kutoingia. Pili, Wizara ikae na kanisa, na kibao kiwekwe kwenye mlango wa vile vyumba, kwa Kiswahili kwanza, kieleze jengo lilijengwa na nani na kwa kazi gani.

Rafiki yangu mmoja, mtembeza hodari kuliko mimi, ameniambia kwamba ukweli hauna bakhshishi. Huenda kwa msimu mmoja akawa sahihi. Lakini wageni wa siku hizi wana simu mkononi. Wanasoma historia ya jengo palepale ngazini, kisha wanamtazama mtembeza wao. Nimeliona tazamo hilo, na bakhshishi haikutoka.

Msimu mkubwa unaanza Juni. Mtihani ukitangazwa kabla ya hapo, andika jina langu.

Wako,
Mtembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja