Mama, kuhusu hii kazi ninayosomea

Columbus, Ohio

Mama, shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa Bibi na wadogo zangu wote. Mimi mzima, ni baridi tu imeanza tena.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unauliza kama ni kweli nimeacha kazi ya ghalani ili nikachunge vichaa. Ya ghalani nimeiacha, kweli. Hiyo nyingine ngoja nikueleze, maana na Mjomba anahusika.

Ninasomea usaidizi wa afya ya akili. Si udaktari wala uuguzi. Msaidizi ndiye anayekaa na mgonjwa zamu nzima: anakula naye, anamsindikiza kuoga, anamsikiliza. Zamani hapa Marekani wagonjwa walifungiwa kwenye hospitali kubwa za serikali. Mwaka 1955 walikuwa zaidi ya nusu milioni. Mwaka 1963 Rais Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya matibabu mitaani, ila vingi havikujengwa, na hadi leo wapo wanaolala chini ya madaraja. Tajiri naye ana ya kwake, Mama.

Mafunzo yenyewe yalianzia kwenye kompyuta, masomo ya kusinzia. Utamu ulikuja tulipoingia darasani. Tunafundishwa kusimama mbele ya mtu aliyepandwa na hasira: simama upande, si uso kwa uso, mbali kidogo, mikono ionekane, usimzibie mlango. Sauti ishushe. Akikukamata nywele, usivute. Ubane mkono wake kichwani kwako kwanza, ndipo ujinasue. Kumshika mtu kwa nguvu ni hatua ya mwisho kabisa.

Wodini kuna mzunguko wa kila dakika 15. Unampitia kila mgonjwa, unamwona kwa macho yako, unaandika. Usiku unasimama mlangoni mpaka uone kifua kinapanda na kushuka. Na usipite kwa saa ileile, kwa sababu anayetaka kujidhuru huzihesabu hatua zako. Kamba za viatu, mikanda, mifuko ya plastiki, vyote huchukuliwa mtu anapolazwa. Kwenye kuandika mwalimu ni mkali: ukiandika “alikuwa mkorofi” anakurudishia karatasi. Andika alichofanya: alipiga meza ngumi, akasema hataki chakula.

Najua unapenda habari, lakini za wagonjwa hutazipata kwangu. Kuna sheria ya mwaka 1996 inayolinda siri zao. Hata jina sitaji.

Somo lililonikaa zaidi ni la kujiua. Sisi nyumbani neno hilo hatulitamki, tunaogopa kuliita. Huku tunafundishwa kumwuliza mtu waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Utafiti umeonyesha kwamba swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hana. Wengi hushusha pumzi, maana hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Halafu unanyamaza, umwache aseme. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwetu sisi tunaopenda kumpa mtu pole na ushauri kabla hajamaliza sentensi.

Sasa Mjomba. Dada ameniambia hali chakula vizuri, haendi shamba, sindano yake ya kila mwezi ameiacha, na kuna mtu anataka kumpeleka kwa mganga akatolewe jini. Sigombani na mganga, lakini sindano isisubiri. Sisi watu wa Korogwe tuna Lutindi palepale milimani, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, halafu tunakwenda kutafuta mbali!

Naomba ukae naye wewe mwenyewe, maana wewe ni dada yake mkubwa, anakuheshimu. Msiwe kundi. Muulize anavyolala, anavyokula, kisha umwulize lile swali, bila kuzunguka. Akikubali, asiachwe peke yake hata saa moja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akikataa, bado dawa za kunyunyizia mahindi na ile ya panya zitoeni nyumbani kwake leo, mkazifungie kwa jirani.

Nauli na hela ya matibabu nitazituma kwenye simu ya Dada Ijumaa nikipata mshahara. Kama ni haraka, nipigie hata usiku wa huku, nitapokea.

Mwanao