YAH: Malalamiko kuhusu probu za kupimia fizi zenye alama zilizokosewa

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Mwezi uliopita niliagiza kwenu probu sita aina ya Williams, vile vijiti vyembamba vyenye mistari ya milimita vya kupimia fizi, kwa ajili ya kliniki yetu hapa Mtwara. Zote sita zina kasoro.

Mama mmoja muuza samaki wa Mikindani alikuja akisema meno yake ya mbele ya chini yanacheza. Nikapima kati ya meno: mfuko wa ufizi, yaani nafasi kati ya ufizi na jino, milimita 3; ufizi umeshuka milimita 1 chini ya mpaka wa enameli (gamba gumu la jino) na mzizi. Jumla 4. Nililishika lile jino kwa vidole, likayumba kuliko nilivyotarajia kwa namba hizo. Nikachukua probu yangu ya zamani, ambayo rangi yake imefifia. Ikasoma 4 na 2. Jumla 6.

Jioni nikazilaza probu zenu kwenye rula ya chuma, moja baada ya nyingine. Mstari wa kwanza unatakiwa uwe milimita 1 kutoka nchani. Uko kwenye 2, na mistari mingine yote imesogea vivyo hivyo.

Msiniambie milimita moja ni kitu kidogo. Ili kujua jino limepoteza mshikizo wake na ufizi na mfupa kiasi gani, tunajumlisha kina cha mfuko na kushuka kwa ufizi, kwa hiyo kosa lenu linaingia mara mbili. Kwa uainishaji wa kimataifa wa magonjwa ya fizi wa 2018, upotevu wa milimita 3 hadi 4 ni hatua ya pili ya ugonjwa. 5 na kuendelea ni ya tatu. Mama yule angetibiwa ugonjwa mwepesi kuliko alionao. Ufizi ukivimba na kupanda juu ya mpaka ule wa enameli na mzizi, tunatoa badala ya kujumlisha, makosa mawili yanafutana, na hapo kosa linajificha kabisa. Kwa hiyo kadi tulizoandika jumla tu hazirekebishiki kwa kuongeza 2 kila mahali. Lazima niwaite tena wagonjwa 11, wengine kutoka Newala, kwa nauli zao wenyewe.

Probu zenu nazirudisha kwa basi la kesho. Naomba mbadala uliohakikiwa kwenye rula kabla ya kufungwa, na mrudishe nauli za wagonjwa hao. Zaidi ya yote, wapigieni simu leo hii wote mliowauzia shehena hiyo, waache kuzitumia.

Wenu,
Daktari wa Meno, Mtwara